Namna ya Kuunganisha Vifundo kwa Masharti ya Ukakamavu katika Modeli ya Jengo

Kila kifundo, yaani nukta ambapo vipande vya modeli hukutana, katika modeli ya pande tatu kina njia sita za kusogea: tatu za kuhama na tatu za kuzunguka. Mhandisi anapoweka sharti la ukakamavu kati ya vifundo, haongezi nondo wala zege. Anaiambia programu kwamba baadhi ya njia hizo hazina uhuru tena, kwa sababu vifundo tegemezi vitafuata kifundo kikuu popote kitakapokwenda. Chukua sinia lenye vikombe. Sinia likisukumwa, vikombe vyote vinasogea sawasawa. Likizungushwa, kikombe cha ukingoni kinasafiri mbali kuliko cha katikati, lakini umbali kati ya kikombe na kikombe haubadiliki. Hisabati yote ya masharti haya imo ndani ya sinia hilo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vijana wanaotoka chuoni na kuingia katika ofisi za usanifu za Kampala, Mbarara au Gulu, ambao wamejifunza kubofya kabla ya kujifunza wanachokibofya. Siwalaumu, kwa kuwa nami nilianza hivyo hivyo. Programu za hesabu za majengo nitakazozitaja ni SAP2000, ETABS, STAAD.Pro na OpenSees, lakini mantiki ni ile ile hata kama ofisi yako inatumia nyingine.

Tenganisha zuio na sharti

Makosa mengi huanzia hapa. Zuio hukifunga kifundo kwenye ardhi: hakihami, au hakizunguki, na kani inayokizuia hutokea katika orodha ya kani za egemeo. Sharti halina uhusiano wowote na ardhi. Hukifunga kifundo kwenye kifundo kingine, na vyote viwili vinaweza kusogea sentimita kumi iwapo jengo limesogea sentimita kumi. Kwa hiyo sharti halitoi kani ya egemeo. Ukiona kwamba kani za egemeo za mlalo zimekusanyika kwenye kifundo kimoja baada ya kuweka sharti huku mizigo ikiwa haijaguswa, ujue umeweka zuio mahali ulipokusudia sharti, au umelifunga kundi lako kwenye kifundo ambacho tayari kimezuiwa chini.

Jambo hilo la pili ni la hila zaidi. Vifundo vya msingi, ambavyo tayari vina zuio, visiingizwe katika kundi la sharti. Ukiviingiza, ama programu itagoma, ama itakubali kimyakimya na kuisimamisha sakafu nzima kwa sababu kikombe kimoja kimegundishwa mezani.

Chagua aina kulingana na kitu kilichopo saiti

Dayaframu ngumu huvifunga vifundo vya sakafu moja katika mienendo mitatu tu: kuhama kuelekea X, kuhama kuelekea Y na kuzunguka kuuzunguka mhimili wa wima. Kuhama wima na kupinda kwa sakafu hubaki huru, kwa hiyo boriti zinaendelea kupinda kama kawaida. Mkono mgumu, ambao baadhi ya programu huuita kiungo kigumu, huifunga mienendo yote sita, na hufaa pale kipande kifupi na kinene kinapounganisha mistari miwili ya modeli. Eneo gumu la mwisho wa boriti hufanya kazi kama mkono mgumu, ila huwekwa ndani ya boriti yenyewe ili kuonyesha unene wa nguzo. Mwisho kuna sharti la usawa, ambalo hukinakili kifundo kimoja katika kingine bila kuangalia umbali kati yao. Hili la mwisho litumie kwa vifundo vilivyo mahali pamoja tu, kwa mfano pande mbili za bawaba. Likitumika kwa vifundo vilivyo mbalimbali, huisahau athari ya mzunguko, na momenti, yaani nguvu ya kupinda au kuzungusha, huzuka hewani bila kani za kuilinganisha.

Katika OpenSees aina hizi zina amri zake: rigidDiaphragm, rigidLink na equalDOF. Ukiwa humo, kumbuka kwamba kishughulikiaji cha masharti (sehemu ya programu inayoyatekeleza) kiitwacho Plain hakiwezi kubeba dayaframu. Tumia Transformation, na usikifanye kifundo kiwe tegemezi katika sharti moja na kikuu katika jingine. Tegemezi wa tegemezi ni mnyororo ambao programu nyingi haziufuati.

Dayaframu, na siku niliyoaibika

Sakafu yenye vifundo 40 ina milinganyo 240. Ukiweka dayaframu ngumu, kila kifundo kinabaki na mienendo mitatu yake yenyewe, yaani 120 kwa jumla, na mitatu ya pamoja inaongezwa: unabaki na 123. Zamani, kompyuta zilipokuwa ndogo, punguzo hilo lilikuwa sababu tosha ya kuitumia. Leo kompyuta ya mkononi ya kawaida hutatua milinganyo yote 240 kabla hujanyanyua kikombe cha chai, kwa hiyo sababu pekee inayobaki ni ile ya ukweli: je, sakafu yenyewe ni ngumu katika bapa lake, yaani haibadiliki umbo ikisukumwa kwa mlalo?

Ili kuthibitisha kwamba programu imekuelewa, fanya hesabu moja kwa mkono. Tuseme sakafu ni ya mita 30 kwa mita 15, na kifundo kikuu kiko katikati, kwenye mita 15 na mita 7.5. Matokeo yanasema kifundo hicho kimehama milimita 4 kuelekea X na milimita 10 kuelekea Y, na sakafu imezunguka radiani 0.0002. Pembe ya mbali iko milimita 15,000 mbele na milimita 7,500 juu ya kifundo kikuu. Mwendo wake wa X ni 4 ukiondoa 0.0002 mara 7,500, yaani milimita 2.5, mwendo wake wa Y ni 10 ukijumlisha 0.0002 mara 15,000, yaani milimita 13. Pembe iliyo mkabala nayo inatoa milimita 5.5 na milimita 7. Fungua jedwali la mienendo katika programu na ulinganishe. Namba zisipolingana hata katika desimali ya tatu, kuna kifundo kilichotoroka kundi, au kuna kilichoingia bila kualikwa.

Nilijifunza kulinganisha hivi baada ya kuaibika. Tulikuwa tunasanifu hosteli ya ghorofa nne, yenye kimo cha mita 13, mjini Fort Portal. Nilivichagua vifundo vyote vya sakafu zote kwa mkupuo mmoja wa kipanya, nikavipa dayaframu moja, nikaendelea na kazi. Katika ETABS, ambayo huifahamu dhana ya ghorofa, kosa hilo ni gumu kulifanya; katika SAP2000 inabidi uweke alama kwenye kisanduku kinachoagiza kila kimo kipewe dayaframu yake, na mimi sikukiona kisanduku hicho. Programu haikulalamika. Mzee aliyekuwa akipitia kazi zetu alifungua mchoro unaocheza wa umbo la kwanza la mtetemo, akautazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Injinia, hizi ghorofa zako zimegandana? Mbona ya nne haiipiti ya kwanza hata kidogo?" Ghorofa zote nne zilikuwa zinakwenda na kurudi kama sanduku moja juu ya nguzo za chini. Kipindi cha mtetemo, yaani muda wa jengo kwenda na kurudi mara moja, kilikuwa kimeshuka hadi karibu nusu ya kile kinachotokana na kanuni ya haraka ya Eurocode 8 (kiwango cha Ulaya cha usanifu dhidi ya matetemeko) kwa fremu za zege, yaani 0.075 mara kimo kilichopandishwa kwa kipeo cha 0.75, ambayo kwa mita 13 hutoa kama sekunde 0.51. Hesabu hiyo ya sekunde thelathini ingetosha kunistua.

Mji wenyewe hauruhusu mzaha wa namna hiyo. Fort Portal iko kando ya Bonde la Ufa la magharibi, chini ya Rwenzori, na eneo la Toro limeshuhudia matetemeko yaliyobomoa nyumba na kuua watu, likiwemo la tarehe 20 Machi 1966 na lile la tarehe 5 Februari 1994. Uganda ina kiwango chake cha usanifu dhidi ya matetemeko, US 319:2003, lakini hakuna kiwango kitakachoiokoa modeli ambamo ghorofa nne zimegeuzwa kuwa moja.

Sasa turudi kwenye swali la ukweli. Slabu ya zege tupu, yenye umbo la mstatili na isiyo na matundu makubwa, ni ngumu vya kutosha katika bapa lake kwa majengo mengi. Slabu ya maxpan, yaani ya mbavu za zege zenye vyungu vya udongo katikati yake, ambayo ndiyo tunayoikuta katika nyumba nyingi za ghorofa hapa kwetu, inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Vile vyungu vya udongo hujaza nafasi tu kati ya mbavu. Kinachoifanya sakafu iwe sinia ni lile tabaka la zege linalomwagwa juu, ambalo mara nyingi huwa la milimita 50 hadi 75, pamoja na wavu wa nondo uliomo ndani yake. Eurocode 8 huikubali slabu ya zege kuwa dayaframu iwapo unene wake si chini ya milimita 70 na ina nondo za kima cha chini katika pande zote mbili. Kwa hiyo kabla ya kubofya, uliza mchoro unasema nini kuhusu tabaka la juu, kisha uulize fundi atafanya nini hasa, maana tabaka la milimita 50 lililokanyagwa kabla halijakauka, na wavu wake ukiwa umelala juu ya vyungu, si dayaframu niliyo tayari kuitetea.

Ukiwa na shaka, jenga modeli mbili. Katika ya kwanza weka dayaframu ngumu. Katika ya pili ondoa sharti na uichore sakafu kwa vipande vya bamba vyenye unene wa lile tabaka la juu peke yake. Eurocode 8 ina kipimo rahisi: dayaframu huhesabiwa kuwa ngumu iwapo mienendo ya mlalo ya modeli ya pili haizidi ile ya modeli ya kwanza kwa zaidi ya asilimia 10 mahali popote. Jengo lenye umbo la L, au lenye uwanja wa ndani, au ambalo tundu la ngazi na lifti limekata sakafu karibu nusu, mara nyingi hushindwa mtihani huu kwenye shingo nyembamba, na shingo hiyo ndiyo itakayopasuka.

Kinachofutwa na dayaframu

Kwa kuwa umbali kati ya vifundo haubadiliki, boriti iliyo ndani ya bapa la dayaframu hairefuki wala haifupiki, na boriti isiyorefuka haina kani ya mhimili, yaani ya kuvuta au kusukuma kufuata urefu wake. Programu itakuandikia sifuri, na sifuri hiyo itaonekana safi kabisa katika ripoti. Boriti inayokusanya kani za upepo na kuzipeleka kwenye ukuta wa lifti itasomeka sifuri. Vyuma vya mlalo vya kukaza fremu vitasomeka sifuri. Kamba ya chini ya kenchi, ikiwa iko kwenye kimo cha sakafu na ukaijumuisha bila kufikiri, itasomeka sifuri, ilhali katika uhalisia hiyo ndiyo iliyoishika kenchi isipanuke. Nimeona kenchi ya ukumbi ikipewa kamba ya chini nyembamba kwa sababu hiyo hiyo. Kwa bahati, kosa lilionekana kwenye karatasi kabla chuma hakijakatwa.

Joto nalo hufutwa. Jengo la mita 60 likipata ongezeko la nyuzi 15, na zege likiwa na kiwango cha utanuzi cha 0.00001 kwa kila nyuzi, sakafu inataka kurefuka milimita 9, yaani 4.5 kila upande iwapo katikati ndiyo imetulia. Nguzo za mwisho lazima zipinde kwa kiasi hicho. Modeli yenye dayaframu ngumu itasema hazipindi hata kidogo. Kwa mizigo ya joto na ya kusinyaa kwa zege, ondoa dayaframu na utumie bamba. Kwa paa la mteremko usiiweke kabisa, kwa sababu vifundo vyake haviko katika bapa moja la mlalo.

Mkono mgumu kwenye ukuta wa lifti

Hapa ndipo sharti linaponipa faida kubwa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo wengi hulisahau. Ukuta wenye upana wa mita 3 ukichorwa kama mstari mmoja katikati yake, boriti inayouegemea itaanza kwenye mstari huo, mita 1.5 ndani ya zege. Chukua boriti ya milimita 250 kwa 500, mita 6 kutoka katikati ya ukuta hadi nguzo, mwisho wa mbali ukiwa umeshikwa imara. E (ukakamavu wa zege) ikiwa gigapaskali 30, E mara I (kipimo cha umbo la boriti dhidi ya kupinda) ni takribani 78,100 kilonyutoni mita mraba.

Tuseme jengo limeyumba na ukuta umezunguka radiani 0.001. Bila mkono mgumu, boriti ya mita 6 huupinga ukuta kwa momenti ya 4EI juu ya L (urefu wa boriti) mara mzunguko, yaani kama kilonyutoni mita 52, na kani ya mkato ya kilonyutoni 13. Sasa weka mkono mgumu wa mita 1.5 na uiache boriti iwe na mita 4.5 zake halisi. Uso wa ukuta hauzunguki tu, bali pia unapanda milimita 1.5, na boriti inapinda kwa sababu zote mbili. Momenti kwenye uso wa ukuta inafika kilonyutoni mita 104, kani ya mkato kilonyutoni 38.6, na momenti inayorudi katikati ya ukuta ni kilonyutoni mita 162. Boriti ile ile, kwa mzunguko ule ule, inaushika ukuta kwa nguvu zaidi ya mara tatu, na yenyewe inabeba mkato karibu mara tatu. Aliyesahau mkono atapata jengo legevu kuliko lilivyo, na boriti yenye ringi chache mno pale inapokutana na ukuta.

Kama programu ina mkono mgumu wa kweli, utumie huo. Kama haina, utalazimika kuweka kipande cha boriti chenye ukakamavu mkubwa, na hapo pana mashimo mawili. La kwanza ni tamaa ya kuandika namba kubwa mno. Kompyuta hubeba tarakimu 15 au 16 katika kila namba. Ukizidisha ukakamavu kwa 10 iliyopandishwa kwa kipeo cha 12, zile tarakimu chache zinazobaki haziwezi kuishi pamoja na ukakamavu wa boriti za kawaida katika matriksi moja, na matokeo yanaanza kuyumba bila onyo. Mara 100 hadi mara 1,000 ya jirani mgumu zaidi hutosha. Jaribu zote mbili, na kama majibu hayakubadilika kwa kiasi cha kukusumbua, baki na ndogo. Shimo la pili ni uzito. Ukiupata ugumu kwa kuchora kipande cha zege cha mita 3 kwa mita 3 chenye urefu wa mita 1.5, programu itakiongezea uzito wa takribani kilonyutoni 337 ambazo hazipo popote duniani, pamoja na masi yake katika mtetemo. Kipe nyenzo isiyo na uzito wala masi.

Eneo gumu mahali boriti na nguzo zinapokutana

Programu nyingi zinaweza kukokotoa zenyewe sehemu ya boriti iliyo ndani ya nguzo, kisha zikakuuliza kipimo cha ugumu kati ya 0 na 1. Usiandike 1 kwa mazoea. Kiungo cha zege nacho hupata nyufa na kubadilika umbo kwa mkato, na ukikifanya kigumu kabisa jengo litaonekana kusogea kidogo kuliko linavyosogea kweli. Mimi hutumia 0.5 kwa fremu za kawaida za zege, na 0 pale ninapotaka kuwa na hakika ya upande salama wa mienendo. Angalia pia kama momenti zinaripotiwa kwenye uso wa nguzo au katikati yake, kwa sababu nondo hupangwa kwa momenti ya usoni.

Kabla ya kuichapisha ripoti

Ninapomaliza modeli, huwa nafanya mambo manne, na hayachukui hata nusu saa. Najumlisha mizigo yote ya wima na kuilinganisha na kani za egemeo. Nalichezesha umbo la mtetemo la kwanza, la pili na la tatu, nikitafuta ghorofa zilizogandana au kifundo kinachoruka peke yake. Naondoa sharti moja moja na kutazama ni namba zipi zimebadilika. Sharti lisilobadilisha chochote halikuhitajika, na linalobadilisha kila kitu lazima nielewe kwa nini. La nne, naandika katika ripoti orodha ya makundi yote ya masharti, kifundo kikuu cha kila kundi, mienendo iliyofungwa, na kando ya kila boriti iliyosomeka kani ya mhimili ya sifuri naandika namba niliyoipata kwa mkono, ili anayepitia kazi hiyo aione kabla hajauliza.